Waislamu wa Delta na Sheria za Ardhi na Misitu: Wajibu Wetu Kabla Sheria Haijapitishwa

(Matini ya mada iliyotolewa kwa Waislamu wa Kiongoroni, wilaya ya Kibiti, baada ya swala ya Alasiri.)

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa walimwengu wote, Aliyejiharamishia dhulma na Akaiharamisha baina ya waja Wake. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, sahaba zake na wote waliofuata mwenendo wake.

Ama baad. Masheikh zangu, wazee wangu, akina mama mlioko nyuma ya pazia, na vijana mlioacha nyavu zenu kwa ajili ya kikao hiki: Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Nimetakiwa nizungumze juu ya uadilifu. Sisi walimu wa madrasa, tukitajiwa uadilifu, kwa kawaida husimulia jinsi Sayyidna Umar (r.a.) alivyokuwa akizunguka Madina usiku akiwa amebeba unga mgongoni. Watu hutokwa na machozi, kisha kila mmoja huenda zake. Leo nami nitamtaja Umar, lakini kwa kisa kisichosimuliwa sana misikitini, kwani kisa chenyewe kinahusu sheria ya ardhi.

Katika zama zake kulikuwa na hima, yaani ardhi ya malisho iliyotengwa na dola na kulindwa kwa maslahi ya umma. Umar alimweka mtumishi wake aitwaye Hunayy kuwa msimamizi wa ardhi hiyo. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba alimwagiza awe mpole kwa Waislamu na aiogope dua ya mwenye kudhulumiwa. Kisha akampa amri mahsusi: amruhusu mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache kuingia, na awe macho na mifugo ya Abdurrahman bin Auf na ya Uthman bin Affan. Hao ni masahaba wakubwa waliobashiriwa Pepo. Umar hakuwa na shaka na dini yao, bali aliangalia hali zao. Alieleza kwamba mifugo yao ikifa, wao watarejea kwenye mitende na mashamba yao. Ama maskini, mifugo yake ikifa, atamjia Kiongozi wa Waumini pamoja na watoto wake wakililia msaada. Na kumpa maskini maji na majani ni rahisi zaidi kwa hazina kuliko kumpa dhahabu na fedha.

Ndugu zangu, zingatieni kwamba Umar hakusema hima ifutwe. Alikubali kwamba dola ina haki ya kutenga na kulinda. Suala lake lilikuwa: nani aruhusiwe kwanza, na nani azuiwe kwanza?

Sisi hapa tunaishi ndani ya hima. Mikoko ya delta ya Rufiji, iliyo karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara, ni msitu wa hifadhi ya serikali, na uhifadhi wake ulianza tangu utawala wa Wajerumani. Humo ndimo tunamovua kamba na kaa, ndimo tunamopata boriti, na kando ya mikoko hiyo ndiko mama zetu wanakopanda mpunga na kukaa kwenye madungu wakifukuza ndege. Hivyo swali la Umar linatuhusu sisi kabla ya kuwahusu watu wa Dodoma.

Wazee mliopo hapa mnaukumbuka mradi wa kamba wa miaka ya tisini kuliko mimi niliyekuwa mtoto mdogo. Kampuni ya African Fishing, chini ya Reginald John Nolan, ilitaka kujenga ndani ya delta hii mabwawa ya kufugia kamba yenye ukubwa wa maelfu ya hekta, kwa mtaji uliotajwa kuwa dola za Kimarekani milioni 192. Wataalamu wa Baraza la Taifa la Mazingira waliuchunguza na kushauri ukataliwe. Pamoja na hayo, mwishoni mwa mwaka 1997 Baraza la Mawaziri liliukubali. Wananchi wa delta wengi waliupinga, wakaungana na waandishi wa habari za mazingira na wanasheria, na shauri likafikishwa Mahakama Kuu. Alhamdulillah, mradi ule haukutekelezwa.

Tumezoea kuishia hapo na kushukuru. Lakini tujiulize: kwa nini ushauri wa wataalamu uliwekwa kando kwa wepesi namna ile? Ni kwa sababu sheria ya mwaka 1983 iliyoliunda Baraza lile ililipa kazi ya kushauri tu. Mwenye kushauriwa akikataa, sheria haikuwa na la kumfanya. Ilipokuja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya mwaka 2004, tathmini ya athari kwa mazingira ikawa ni sharti kabla ya mradi wa aina ile kuanza, na maoni ya wananchi wanaoathirika yakawekewa nafasi ndani ya sheria yenyewe. Delta ni ile ile na wataalamu ni wale wale. Kilichobadilika ni maneno yaliyoandikwa katika sheria, na maneno hayo yaliandikwa na watu waliokaa, wakajadiliana na wakasikilizwa. Je, sisi tulikuwa wapi walipokuwa wakiandika?

Najua baadhi ya vijana wetu wana jibu. Wanasema hizi ni sheria za wanadamu, na Muislamu hana shughuli nazo. Nawaomba vijana hawa, kwa mapenzi, waisome upya Sira. Jaafar bin Abi Talib (r.a.) alisimama mbele ya Najashi, mfalme ambaye wakati ule hakuwa Muislamu, akajenga hoja mpaka wahamiaji wakapata hifadhi, na wajumbe wa Makuraishi wakarudishwa na zawadi zao. Kabla ya hapo, Mtume (s.a.w.), akiwa bado hajapewa utume, alihudhuria mapatano ya Hilful Fudhul nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an. Chanzo chake ni mfanyabiashara mgeni kutoka Zabid aliyedhulumiwa haki yake na bwana mkubwa wa Makka. Walioahidiana kumtetea walikuwa washirikina. Hata hivyo Mtume (s.a.w.), baada ya kuja Uislamu, aliyasifu mapatano yale na akabainisha kwamba angeitwa tena kwenye jambo kama lile angeitika.

Na katika wilaya hizi maneno haya yana uzito wake. Mwaka 2017 damu ilimwagika. Waliuawa viongozi wa vijiji, wa chama na askari polisi, na msiba uliingia majumba mengi. Tangu hapo wapo wazee wanaoona kwamba salama ya mtu ni kunyamaza. Simlaumu aliyeogopa. Lakini kunyamaza kunawaacha vijana na wale wanaowanong'oneza gizani. Mkutano wa kijiji hufanyika mchana, mbele ya watu, na maneno yake yanaandikwa.

Kuna pia mfano wa karibu wa watu wa dini kusimama juu ya sheria ya nchi. Mwaka 2008 BAKWATA, Jumuiya ya Kikristo Tanzania (CCT) na Baraza la Maaskofu Katoliki (TEC) walitoa kwa pamoja ripoti ya Mark Curtis na Tundu Lissu juu ya dhahabu, iliyoonyesha jinsi taifa lilivyokuwa likipata kidogo. Mrabaha wa dhahabu wakati ule ulikuwa asilimia 3. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 ikaufanya asilimia 4, na marekebisho ya mwaka 2017 yakaufikisha asilimia 6 na kuipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Sisemi kwamba ripoti moja ndiyo iliyofanya yote hayo. Nasema walikuwa na takwimu mkononi, wala hawakuwa na malalamiko matupu. (Yapo tunayotofautiana na BAKWATA, na hapa si mahala pake.)

Sasa nirejee kijijini, kwani ndiko tulikozembea zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema halmashauri ya kijiji haina mamlaka ya kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo ni wetu sote tuliotimiza miaka 18. Mkitaarifiwa kwamba kipande fulani kimekwisha kutolewa, ulizeni: mkutano gani uliidhinisha, na muhtasari wake uko wapi? Aidha, baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao angalau wawe wanawake. Sheria hiyo hiyo inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu tu ni mwanamke. Hapa baadhi yetu tuna aibu, kwani Suratun Nisaa ilikwisha kutamka karne kumi na nne zilizopita kwamba wanawake wana fungu katika kilichoachwa na wazazi, kiwe kidogo au kingi. Wapo wanaogawa mirathi kwa mujibu wa Qur'an ikiwa ni fedha au jahazi, ikifika shamba la mpunga wanarejea mila za mababu.

Kuhusu mikoko, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imefungua mlango wa usimamizi shirikishi, ambapo kijiji huweza kuingia mkataba na serikali kusimamia msitu wa hifadhi na kugawana manufaa. Na liko jambo jipya. Mwaka 2022 zilitungwa kanuni za biashara ya kaboni. Mikoko hufukia kaboni nyingi kwenye tope lake, na wapo watu duniani wanaoinunua hewa hiyo kwa fedha. Watakuja hapa kwa boti nzuri na karatasi nyingi. Kumbukeni Hunayy. Ulizeni mapema: msitu ukiuzwa hewa yake, mama mwenye jaruba moja la mpunga atalima wapi, na fungu la kijiji limeandikwa kwenye kifungu gani? Swali hilo likiulizwa baada ya saini halitamsaidia mtu.

Tusijitetee kwa lugha. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria za nchi yetu. Na muswada unapokuwa mikononi mwa kamati ya Bunge, wadau huitwa kutoa maoni. Barua yenye sahihi za waumini wa misikitini mwetu ni maoni.

Kuanzia Jumatano ijayo, baada ya Maghrib, darsa yetu itasimamisha fiqhi ya biashara kwa wiki nne na kusoma Sheria ya Ardhi ya Vijiji, tukianza na kifungu cha nane. Akina mama watakaa sehemu yao kama kawaida, na maswali yao yatasomwa mwanzo.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.