Maabara Iko Kilifi, Watafiti Watoke Wapi?

Mazungumzo ya ofisa wa habari wa kaunti mbele ya wanafunzi wa sayansi na wazazi wao



Mwaka wa 2020 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliotumia damu ya watoto wa hapa Kilifi. Wapo miongoni mwetu wenye aina ya damu iitwayo Dantu, ambayo ni adimu kwingi duniani lakini kwetu si ngeni. Watoto hao hawalemewi na malaria kali kama wenzao. Kwa nini? Watafiti waliona kwamba utando wa seli zao nyekundu umekazika, mfano wa ngoma iliyowambwa vizuri, hata kimelea cha malaria kikifika hupata taabu kupenya. Mwandishi wa kwanza wa matokeo hayo ni Mkenya, Dkt. Silvia Kariuki, wa kituo cha KEMRI-Wellcome kilichoko papa hapa mjini.

Hiyo ndiyo bayolojia ya molekuli na seli. Damu ni ya watoto wetu, na kituo kimekuwapo tangu 1989. Sasa nauliza, ni wangapi kati yenu mtaingia maabara ile kama watafiti?

Mzazi akisikia shahada ya uzamifu huanza kuhesabu karo. Namwelewa. Lakini katika fani hii nafasi nyingi nzuri huja na ufadhili: karo hulipwa na mwanafunzi hupewa posho, kwa kuwa anachofanya maabarani ni kazi. Ukiona nafasi isiyotaja posho, uliza kabla ya kusaini chochote.

KEMRI-Wellcome hufunza watafiti wa uzamifu. Kule Nairobi, icipe ina mpango wa ARPPIS ulioanza 1983, unaochukua vijana kutoka nchi nyingi za Afrika. Kituo cha WACCBIP, Chuo Kikuu cha Ghana, kinashughulikia hasa seli na vimelea. Kwa kawaida utahitaji uzamili kwanza, na Chuo Kikuu cha Pwani ki hapa jirani.

Wengi huteleza kwenye barua kwa msimamizi. Kijana hutuma barua moja kwa maprofesa thelathini, "Mheshimiwa, naomba nafasi." Haijibiwi, na sishangai. Soma makala mawili ya huyo unayemwandikia. Mweleze kwa aya tatu swali linalokukera, mbinu za maabara unazozijua, kama vile PCR au ukuzaji wa seli, na kwa nini umemchagua yeye. Kama hujagusa mbinu hizo, omba mafunzo ya vitendo mapema, ukiwa bado na shahada ya kwanza.

Na jambo hili nalisema kwa sauti: usimtumie wakala pesa kwa M-Pesa akuahidi ufadhili. Ada ya maombi, ikiwapo, hulipwa chuo chenyewe.

Sasa maswali. Tuanze na wale walioketi nyuma.