Usinunue Rangi, Nunua Injini

(Mazungumzo ya fundi mbao mmoja wa Idete mbele ya kikundi cha wahitimu wa kisomo)



Nimesikia kuwa mmeuza mpunga, na sasa mnataka kununua msumeno wa mnyororo uliokwisha tumika, ule tunaouita chenso, ili mpasue mbao. Wazo si baya. Lakini kwanza nitawaeleza yaliyotupata sisi.

Mwaka 2016 tulikuwa watu sita. Tulichanga fedha za mpunga, tukaenda Ifakara kununua chenso iliyotumika. Ilikuwa inang'aa. Tulipofika tuliikuta ya moto, ikawaka kwa kuvuta kamba mara moja tu. Tukafurahi, tukalipa. Siku ya tatu, tukiwa katikati ya gogo la mkongo, ikazima. Haikuwaka tena. Fundi alipoifungua, pistoni ilikuwa imechubuka upande mzima. Muuzaji hatukumpata, maana hatukuandikiana chochote. Mwenzetu mmoja alikuwa ametoa fedha zake za kununua bati. Masika yale yalimkuta chini ya nyasi zinazovuja.

Kosa letu lilikuwa nini? Tulinunua rangi, hatukununua injini.

Ndugu zangu, kukata mti na kupasua gogo si kazi moja. Kukata ni dakika chache, kisha mashine inapumzika. Kupasua ni kwenda na urefu wa gogo, injini inalia kwa nguvu zake zote kwa muda mrefu. Mti mgumu kama mkongo au mvule huichosha zaidi. Tena mvule una vijiwe ndani yake. Jino likigonga kijiwe, makali yanakwisha hapo hapo.

Kwa hiyo angalieni ukubwa wa injini. Kama pikipiki, chenso nayo hupimwa kwa cc. Kwa kupasua miti migumu, isipungue cc 70. Hapa kisomo chenu kitawasaidia, lakini kuna mtego. Namba iliyoandikwa ubavuni si cc! Stihl MS 180 ina cc 32 tu. Hiyo ni ya kukatia kuni. Stihl MS 381 ina cc 72, na Husqvarna 272 nayo cc 72. Hizo zinaweza kupasua. Andikeni namba ya mashine kwenye karatasi, mkamwulize fundi kabla ya kutoa fedha.

Sasa mkiwa mbele ya muuzaji, fanyeni hivi:

1. Shika injini. Ikiwa ya moto, subiri ipoe. Mashine mbovu huwashwa mapema ili mnunuzi asione inavyosumbua.

2. Kabla ya kuwasha, inyanyue kwa kushika mpini wa kamba ya kuwashia tu. Ikishuka polepole, kwa kusitasita, injini bado inabana. Ikishuka moja kwa moja kama ndoo kisimani, iache.

3. Omba eksozi ifunguliwe. Chungulia ndani uione pistoni. Iwe laini. Ukiona michirizo ya kwenda juu na chini, imekwisha kuungua. Muuzaji akikataa kufungua, hilo nalo ni jibu.

4. Iwashe ikiwa ya baridi. Ikinguruma polepole, mnyororo usizunguke. Kisha kaza breki ya mnyororo, uone kama inashika. Chenso isiyo na breki inaweza kukurukia usoni.

5. Elekeza ncha ya msumeno kwenye gogo jeupe, kanyagia mafuta kidogo. Uone mstari wa oili kwenye gogo. Usipouona, oili haifiki kwenye mnyororo.

6. Pasua nayo gogo gumu kwa muda. Kukata kijiti hakutoshi.

7. Andikianeni. Jina la muuzaji, namba ya mashine, bei, tarehe, saini na mashahidi. Mashine ya wizi itawapeleka polisi ninyi, si yeye.

Mkishainunua, itunzeni. Petroli tupu huua injini. Kwa oili nzuri ya kuchanganya, ya 50 kwa 1, lita 5 za petroli huchukua mililita 100 za oili. Mnyororo noeni kwa tupa mara kwa mara. Meno ya kupasulia yanolewe karibu kunyooka, kama nyuzi 10. Yale ya kukatia huwa kama nyuzi 30.

Jambo jingine, chenso inakula mti. Kila mstari unapoteza karibu milimita 9. Mkipasua mbao za inchi moja, kila mbao tatu mnapoteza mbao moja ikawa unga. Msumeno wa mkono wa watu wawili hupoteza kidogo kuliko chenso, ila ni mzito kwa mwili. Pigeni hesabu ya gogo kabla ya kuanza.

Na mti wenyewe uwe wa halali. Tuna Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002. Hata kama ni mtiki wa shambani kwako, ulizia kwanza serikali ya kijiji na ofisi ya TFS juu ya kibali, matumizi ya chenso, na hati ya kusafirishia mbao. Mbao bila karatasi hukamatwa njiani, na jasho lote linapotea.

Ndugu zangu, vaeni buti, miwani, na kitambaa puani, kwani unga wa miti hii unaumiza mapafu. Na mkienda kununua, msiende na haraka. Muuzaji akiwaambia kuna mteja mwingine njiani, mwambieni amsubiri huyo. Fedha ikishatoka mfukoni hairudi, lakini chenso nyingine itapatikana.