Ndege Mama na Mkunga wa Mtoni



Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, imo amri ndogo ambayo wengi wetu huipita upesi tunaposoma. Mtu akikuta kiota njiani, ameruhusiwa kutwaa makinda au mayai, lakini mama yao sharti amwache aende zake. Mungu hakuwakataza watu kula. Aliweka mpaka, ili mwakani pawepo kiota kingine.

Leo twaitazama amri hiyo kwa njia ya samaki mmoja wa Ulaya, yaani mkunga wa mtoni. Kwetu jina lake ni sawa na la mama anayezalisha; na ajabu ni kwamba huyu wa majini hakuna mtu aliyepata kumwona akitaga baharini. Huzaliwa katika Bahari ya Sargasso, ng'ambo ya Atlantiki. Mikondo humleta maelfu ya kilomita akiwa mdogo, mwangavu kama kioo. Hukaa mitoni na maziwani miaka kumi, ishirini, au zaidi. Kisha, katika usiku wa giza wa Oktoba au Novemba, mto ukiwa umejaa, hurudi baharini bila kula tena, akatage mara moja tu na kufa. Basi kila mkunga avuliwaye mtoni huvuliwa kabla hajapata mtoto hata mmoja.

Tangu miaka ya 1980 wadogo wanaofika mitoni wamepungua hata kuwa chini ya sehemu moja ya kumi ya wale wa zamani. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya uliziagiza nchi zake ziandae mipango ya kumnusuru. Mwaka 2009 Ireland ikaufunga kabisa uvuvi wa biashara wa mkunga.

Hapo ndipo penye uchungu, wapendwa. Kandokando ya Mto Shannon walikuwapo watu walioirithi kazi hiyo kwa baba zao. Leseni zikakoma, nyavu zikabaki bandani. Lakini uvuvi haukuwa sababu ya pekee. Yapo mabwawa ya umeme, ambayo mapanga ya mitambo yake huwakatakata mikunga wanaoteremka. Upo uchafu wa maji. Yupo mnyoo aliyeletwa kutoka Asia. Uko na ulanguzi wa wadogo wanaosafirishwa kwa magendo. Ni rahisi kumzuia mwenye mtumbwi kuliko kuzima mtambo. Twaona kufunga kulikuwa haki. Ila mzigo ukimwelemea mnyonge peke yake, amri njema huanza kunuka dhuluma.

Palipatikana njia ya kuugawana mzigo huo, japo kidogo. Kwenye Shannon lipo bwawa la Ardnacrusha, lililokamilika mwaka 1929. Shirika la umeme huwalipa wavuvi wenye ujuzi wawatege mikunga juu ya bwawa. Kisha hupakiwa wazima katika magari yenye matangi na kuachiliwa chini yake. Mikono ileile, nyavu zilezile, lakini samaki haendi sokoni.

Sisi nasi tumeonja jambo hili. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi wa Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, na familia za mwambao zikahesabu siku. Dagaa hukua upesi. Miezi mitatu ina maana kwake. Mkunga sivyo. Mzee aliyerudisha leseni yake mwaka 2009 huenda asiuone kamwe mto umejaa kama alivyouona utotoni, na hakuna aliyemwahidi kwamba atauona.

Katika sala za waamini leo tumkumbuke mzee huyo, pamoja na wale ambao huinamisha matangi ukingoni mwa Shannon na kuwatazama mikunga wakipotelea majini kuelekea baharini.