SANDUKU NYEKUNDU ISISAHAULIWE
Maneno kwa wakubwa wa mashirika, siku ya Yubilei ya parokia

Padri Paroko, Masista na Mafrere, wakubwa wa mashirika, baba na mama wapendwa,

Mmeniomba niseme juu ya kukopeshana na kusaidiana kati ya jamaa zetu. Neno hili linafaa siku ya leo. Jina Yubilei latoka katika Kiebrania «yobel», maana yake pembe ya kondoo dume. Kitabu cha Walawi, sura ya 25, chaeleza kwamba katika mwaka wa 50 pembe ilipigwa nchini pote, na mtu aliyeuza shamba lake kwa sababu ya umaskini alirudishiwa. Sura ile ile yakataza kumtoza ndugu maskini faida. Basi Yubilei tangu mwanzo ni habari ya shamba na ya deni. Nasi tukiimba leo, tuulizane: katika mashirika yetu, ni nani aliyepoteza shamba kwa ajili ya deni?

Desturi ya kuchangiana si kitu kigeni kwetu. Sote twajua likelemba: watu kumi wanaleta kila mwezi kiasi kilekile, na kila mwezi mmoja wao anachukua yote. Ni jambo jema. Wengi wameezeka nyumba kwa njia hiyo. Lakini likelemba haingojei ugonjwa. Mtoto akiugua mwezi wa pili, na zamu yako ni ya tisa, utafanya nini? Hapo wengi wanamkimbilia yule mkopeshaji ambaye watu wanamwita kwa mzaha «Banque Lambert». Huyo aweza kudai faida ya nusu ya mkopo kwa mwezi mmoja tu, naye anashika karatasi ya kiwanja mpaka alipwe.

Kwa hiyo vikundi vingi vya Kivu vimefuata njia ya «mutuelle de solidarité», tunayoiita MUSO. Ni watu wanaojuana na kukaa karibu, wanaochagua wenyewe Raisi, Mwandishi na Mtunza-feza. Feza yao inawekwa katika sanduku tatu. Ya kijani ni ya kukopeshana: anayekopa anarudisha na faida ndogo. Nyekundu ni ya msaada: anayepatwa na ugonjwa ao kifo nyumbani anasaidiwa. Ya buluu ni ya feza inayotoka nje ya kikundi. Leo nataka kusema hasa juu ya nyekundu, kwa maana ndiyo inayosahauliwa. Sanduku ya kijani inazaa, nyekundu haizai. Basi watu wanaharakisha kujaza ile inayozaa.

Ndugu zangu, madeni si ya namna moja. Mama mwuza sambaza akikopa, ananunua samaki wabichi, anawakausha, anawauza sokoni, anarudisha. Deni lake limefanya kazi. Lakini mama aliyejifungua kwa kupasuliwa, akazuiliwa hospitalini mpaka alipe, deni lake halikununua kitu cha kuuza. Atalipa na nini? Atauza mbuzi, kisha mabati, kisha shamba. Tukimkopesha feza ya kijani, tumemtoa mtoni na kumtupa ziwani. Mtu wa namna hiyo hakopeshwi, anasaidiwa.

Mtasema: feza itatoka wapi? Tuhesabu pamoja. Watu 20, kila mmoja akileta franka 500 kwa juma katika sanduku nyekundu, ni franka 10,000. Kwa majuma 52 ni franka 520,000. Haitoshi kwa kila taabu, lakini inatosha ili jamaa iliyopatwa isisimame peke yake siku ile ya kwanza, ndiyo siku watu wanapouza shamba kwa bei ya hasara.

Kuna pia wale wasioweza kuleta hata franka 500: mjane, bibi anayelea wajukuu, jamaa iliyokimbia vita. Wenzi 20 waweza kubeba mchango wa nyumba moja ya namna hiyo. Lakini mama huyo asisimame mlangoni kama mwombaji. Akae kitini, jina lake liandikwe kitabuni, atoe shauri kama wengine, naye siku ya salongo alete mikono yake.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, twasoma kwamba wajane wa upande mmoja walisahauliwa katika kugawa kwa kila siku. Mitume waliagiza wachaguliwe watu 7 wenye sifa njema, wasimamie kazi hiyo. Ndiyo kusema, upendo wahitaji utaratibu.

Utaratibu huo tuushike sana, kwa maana watu wetu wamekwisha kudanganywa. Wazee wanakumbuka mwaka 1991, mjini Kinshasa, wale walioahidi kuzidisha feza ya watu kwa siku chache. Wengi waliuza mali yao, na yote ikapotea. Tena mwanzoni mwa mwaka 2025, benki za Goma na Bukavu zilipofungwa kwa sababu ya vita, hata wenye akiba walishindwa kuitoa. Sanduku yetu nayo yaweza kuibwa. Basi iwe na kufuli tatu, na funguo kwa watu watatu wa nyumba mbalimbali, kama wafanyavyo watu wa AVEC. Feza ihesabiwe kwa sauti mbele ya wote.

Nawaomba mambo mawili. Kila shirika lijaze sanduku nyekundu kabla ya kukopesha ya kijani. Na kila shirika lichague nyumba moja ya kubeba, kabla mwaka huu wa Yubilei haujaisha. Hivyo pembe itakuwa imesikika kweli katika parokia yetu.

Mungu awabariki. Yubilei njema!