Mtoto Mchanga Akizibika Utumbo



Habari za kuhara mmekwisha kuzisikia mara nyingi. Leo nataka kusema juu ya ugonjwa ambao watu huudhania kuwa ni kuhara damu, na kwa kudhani hivyo mtoto hufa. Ugonjwa huo ni kuzibika kwa utumbo.

Kipande cha utumbo huweza kuingia ndani ya kipande kinachofuata, kama mkono wa kanzu unavyojikunja ndani mtu anapoivua kwa haraka. Maziwa hayapiti tena, na damu haifiki mahali palipobanwa, hata pakaoza. Hushika hasa watoto wa miezi 4 hadi 9, tena mara nyingi ni mtoto mnono aliyekuwa mzima jana.

Hulia ghafula kwa uchungu, akikunja magoti hadi tumboni. Kisha hunyamaza na kulegea, mama akashukuru kwamba amepona. Hajapona. Baada ya dakika 15 au 20 kilio hurudi. Hutapika maziwa, halafu matapishi hugeuka kuwa ya kijani. Matapishi ya kijani ya mtoto mchanga si jambo la kulala nalo mpaka asubuhi. Mwisho huja choo cha kamasi na damu. Dalili hii huchelewa, basi msiingojee.

Mtoto aliyezaliwa asipopata choo chake cha kwanza, kile cheusi, katika saa 24, naye apelekwe. Vivyo hivyo mwenye uvimbe mgumu kinenani usiorudi ndani.

Msimpe mafuta ya mbarika, wala dawa ya miti, wala dawa ya kufunga kuhara, wala msimpige bomba nyumbani. Anayetapika kijani asilazimishwe kunyonya.

Akiwahi, madaktari huweza kuusukuma utumbo urudi kwa hewa au maji yanayopitishwa njia ya haja kubwa, bila kisu. Akichelewa, hupasuliwa, na pengine kipande cha utumbo hukatwa. Kwa hiyo, akina baba, mama asikae akingoja ruhusa yako ya kuondoka. Nauli ya hospitali aiwekewe nyumbani tangu leo.

Mkifika, mwambieni daktari saa kilio kilipoanza. Nguo ya winda yenye choo cha damu msiifue, ichukueni mkamwonyeshe.