Kibanda si Pambo: Maneno kwa Vikundi Vinavyokwenda Maonyeshoni

 

Maonyesho ya kilimo ya Mombasa, pale Mkomani, ni ya siku chache tu. Kutoka Malindi ni kama kilomita 120. Toa nauli, toa chakula, toa malazi ya watu wawili: pesa hizo ni za kila mwanachama, hata yule bibi aliyebaki nyumbani akisuka ukili. Basi mkirudi na "tumesifiwa sana" peke yake, mtamwambia nini?

Wengi huhesabu chupa zilizouzwa. Mimi naona hesabu hiyo ni ndogo. Chupa mngeziuza hata sokoni Malindi. Mkomani mnamfuata mtu atakayenunua mwezi hata mwezi: mwenye duka, mpishi wa hoteli. Mtu huyo haonji sana. Huuliza, "Kwa mwezi mtanipa kilo ngapi, na kwa bei gani?" Hapo ndipo wenye kibanda hutazamana! Mmoja asema ishirini, mwingine mia, na mnunuzi ashakwenda zake. Kwa hiyo kaeni kikao kabla ya safari. Angalieni mizinga yenu hutoa kiasi gani wakati wa ukame, si wakati wa maua tu, mkubaliane neno moja. Bei ya jumla iandikwe mbali na ya rejareja.

Watazameni majirani zetu wa mradi wa Kipepeo, Gede, ulioanza 1993. Wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo, nao husafirishwa ng'ambo wakiwa bado ndani ya ganda. Kiumbe yule hangoji. Mzigo ukichelewa, atatokea njiani na kuharibika. Mnunuzi wa namna hiyo hataki maneno matamu, ataka tarehe. Asali yaweza kungoja, lakini mwenye hoteli naye hangoji.

Kibandani wakae wawili: mmoja aseme, mwenzake aandike jina la mgeni, simu yake na haja yake. Na msile wali pale mezani, jamani. Juma lile lile mpigieni simu. Mwezi ukiisha atakuwa ashawasahau.

Sasa tufanye mazoezi. Mama wa asali, njoo usimame hapa. Mimi ni mwenye hoteli Watamu, nina haraka, na jana nimepewa bei ya chini kuliko yako. Haya, niambie.