Stesheni ya Manyoni na Kava la Simu

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo kabisa, nacho ni kava la simu. Msicheke. Piteni kwenye vibanda vya simu mjini Singida mtazame yaliyotundikwa pale. Yapo ya mnara wa Paris, yapo ya timu za mpira za Uingereza, yapo ya maua, na nimeliona moja lenye picha ya Grand Central, stesheni ya New York iliyofunguliwa mwaka 1913 na ambayo hadi leo hupokea wakazi wa vitongojini wakienda kazini asubuhi na kurudi jioni. Kijana wetu analinunua kwa sababu linapendeza. Simlaumu hata kidogo. Ila nauliza: lenye stesheni ya Manyoni liko wapi?

Maana Manyoni nayo si ya juzi. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Saranda, Manyoni na Itigi ziko katikati ya Dodoma na Tabora, kwa hiyo reli ilikwisha kupita kwetu kabla Wamarekani hawajafungua stesheni yao hiyo. Mtajie Saranda abiria yeyote wa zamani wa treni ya Kigoma au Mwanza, naye atakumbuka kwanza tumbo lake: akina mama wamejaa dirishani na masinia ya kuku. Kisha atakumbuka treni ikijikongoja kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni.

Iko pia habari ambayo vijana wengi hawaijui. Katika miaka ya 1930 Waingereza walijenga tawi la reli kutoka Manyoni, likapita Singida, likafika Kinyangiri, ambayo sasa imo katika Wilaya ya Mkalama. Haikupita miaka mingi, katika miaka ya 1940 wakaling'oa. Treni ya Manyoni hadi Singida ilikuja kupata njia yake baada ya Uhuru, lakini Kinyangiri haikurudishiwa yake. Mtoto wa Kinyangiri leo ukimwambia kwamba kwao palikuwa na treni atadhani unamtania, na wewe huna hata picha moja mfukoni ya kumwonyesha.

Hapo ndipo kava la simu linapoacha kuwa mchezo. Huko New York kulikuwa na stesheni nyingine kubwa, Penn Station. Ilianza kubomolewa mwaka 1963, watu wakapiga kelele, na mwaka 1965 mji ukatunga sheria ya kulinda majengo ya kihistoria. Wenye Grand Central walipotaka kujenga jumba refu juu yake, kesi ilifika Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, na mwaka 1978 wakashindwa. Watu waliipigania kwa sababu waliijua sura yake.

Sisi je? Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka mpaka kwa majengo: yale ya kabla ya mwaka 1863 ndiyo yanayohesabiwa moja kwa moja kuwa ya kumbukumbu. Stesheni za Mjerumani zilikuja karibu nusu karne baadaye, hivyo ni mpaka Waziri atamke. Na wakati haungoji. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na mkataba wa kipande cha Makutupora hadi Tabora, kinachopita mkoani kwetu, ulitiwa saini mwishoni mwa mwaka 2021. Reli hiyo naipenda, asinielewe mtu vibaya. Lakini stesheni ikikosa abiria, paa lake nani ataliziba?

Picha za stesheni zetu ni chache kwa sababu tuliowahi kushika kamera tulizoea kufukuzwa. Stesheni, daraja, bandari, vyote vilikuwa ni usalama wa taifa, na ukitoa kamera askari alikuwa tayari begani. Wakati huohuo picha nyingi alizopiga Mjerumani Walther Dobbertin katika koloni lao zimehifadhiwa vizuri katika nyaraka za taifa la Ujerumani. Wajukuu wa waliobeba mataruma wazitafute huko!

Basi shauri langu ni kwa wapiga picha wa Manyoni, Itigi na Singida. Nendeni Shirika la Reli mkaombe ruhusa kwa maandishi, kisha mpige picha jengo, kengele, saa na benchi la abiria. Kuichapa kwenye kava si kazi ngumu: picha huchapwa kwenye karatasi maalumu, ikabanwa kwa moto, rangi ikahamia kwenye kava. Na kumbukeni Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, ili anayechapa asimpite aliyepiga.

Wenye picha za zamani, za harusi hata za kipaimara, zilizopigwa stesheni, zigeuzeni mtazame mgongoni. Mara nyingi mwenye studio aligonga muhuri na tarehe. Anayetoka Kinyangiri atazame mara mbili.